Kupiga picha mji wa Buffalo baada ya theluji nzito

Buffalo, jimbo la New York, uko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, na theluji yake kubwa huletwa na ziwa hilo. Upepo wa baridi kali hupita juu ya maji ambayo bado yana joto, hubeba mvuke, kisha huumwaga nchi kavu kama theluji katika ukanda mwembamba. Novemba 2014 vitongoji vya kusini na mashariki vilipata zaidi ya mita 1.5 na vile vya kaskazini sentimita chache tu. Kwa hiyo usitegemee utabiri wa mji mzima. Fungua ramani ya rada, uone ukanda umekaa juu ya mtaa gani. Erie ndilo lenye kina kifupi kuliko Maziwa Makuu yote ya Amerika Kaskazini, na likishaganda theluji ya namna hii hupungua. Miezi ya kuvizia ni Novemba hadi mwanzoni mwa Januari.

Dhoruba ikiwa bado inavuma, kaa ndani. Ile ya Desemba 2022 iliua watu zaidi ya 40 katika kaunti ya Erie, wengine wakiwa njiani au ndani ya magari yao. Marufuku ya kuendesha gari ikitangazwa, piga picha za mtaa wako kwa miguu, na upepo ukishatulia.

Theluji safi haidumu. Magari ya kuisukuma huanza na barabara kuu, chumvi inafuata, na baada ya saa chache kilichobaki ni tope la kahawia. Mitaa ya ndani husubiri zaidi, bustani ndizo za mwisho. Ratiba yako ifuate mpangilio huo: alfajiri Niagara Square na Main Street, halafu mitaa ya makazi kama Allentown na West Side (ambako hata Kiswahili cha Wakongomani hutakikosa), kisha Delaware Park. Lakini theluji iliyoshika kwenye matawi ishughulikie mapema popote ilipo, kwa sababu jua au upepo kidogo tu huiangusha. Katikati ya Desemba jua huchomoza kama saa 1:40 asubuhi na kuzama kama saa 10:45 jioni, kwa hiyo mchana mzima mwanga unakuja kwa pembeni. Huo ndio unaoonyesha mikunjo ya theluji. Anga likiwa limefunga, uwanja mweupe utatoka kama karatasi tupu. Siku hiyo tafuta kitu cheusi au chenye rangi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapiga picha ya theluji. Theluji yenyewe haina cha kutazamwa. Kinachobeba picha ni kile kilichosimama ndani yake. Guaranty Building ya mwaka 1896, yenye ukuta wa vigae vya udongo wa kuchoma vyenye wekundu wa kahawia, hupendeza zaidi siku ya theluji kuliko siku ya jua kali. City Hall ya mwaka 1931 ina ghorofa 32, na vigae vya rangi kwenye kilele chake huonekana hata anga likiwa la kijivu. Taa za mbele za treni ya Metro Rail, inayopita juu ya ardhi katikati ya mji, hung'arisha chembe zinazoanguka. Maghala marefu ya nafaka kando ya mto Buffalo ni magumu zaidi: zege la kijivu, anga la kijivu, ardhi nyeupe. Yasubiri jua la jioni liyapige ubavuni, na usiingie bila ruhusa, maana mengi ni mali ya watu.

Sasa mwangaza. Kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kikiamini kwamba kila kinachoonekana, kwa wastani, ni kijivu. Ukikielekeza kwenye theluji kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na theluji inatoka kama majivu. Dawa ni kitufe cha +/–. Chini ya mawingu anza na +1. Jua likiwaka na theluji ikijaa zaidi ya nusu ya fremu, +1.5 hadi +2. Ukuta mweusi ukijaa fremu, rudisha 0, la sivyo utaunguza theluji iliyobaki pembeni. Baada ya picha ya kwanza angalia grafu ya mwangaza (histogram), si picha kwenye skrini, kwa sababu nje kwenye weupe ule skrini inadanganya macho. Kwenye grafu hiyo, kilima kinachowakilisha theluji kikae upande wa kulia bila kugota ukingo. Kikigota, punguza kwa theluthi moja ya hatua (0.3) kwenye kitufe kile, piga tena. Kwa anayepanga mwenyewe, mahali pa kuanzia kwenye jua ni ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), 1/500 (kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde).

Kwenye simu, gusa theluji, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha sukuma alama ya jua juu hadi theluji iwe nyeupe lakini nyayo bado zionekane. Zima fleshi. Ikiwaka theluji ikiwa inaanguka, chembe za karibu na lenzi hugeuka madoa makubwa meupe.

Vivuli kwenye theluji hutoka vya buluu kwa sababu vinaangazwa na anga, si jua. Usiifute buluu yote: ukiiondoa kabisa, sehemu zenye jua zinageuka njano ya kuchukiza. Weka mpangilio wa rangi wa kamera (white balance) kwenye alama ya jua badala ya otomatiki ili picha zote zifanane, piga kwa RAW (faili ghafi isiyochakatwa), urekebishe kidogo nyumbani.

Kwa theluji inayoanguka, amua unataka nini. Kasi ya 1/250 au zaidi inazigandisha chembe. 1/30 hadi 1/60 inazivuta ziwe mistari. Kasi za katikati ya hapo mara nyingi hazitoi hiki wala kile. Fokasi otomatiki itakimbilia chembe zilizo mbele, au itahangaika kwenye weupe usio na mstari wowote. Ielekeze kwenye ukingo wa nguzo ya taa, ikishika ihamishie kwenye fokasi ya mkono, usiiguse tena.

Saa yenye faida kuliko zote ni dakika 20 hadi 40 baada ya jua kuzama. Anga ni buluu iliyokolea, madirisha ni ya manjano, na theluji inabeba rangi zote mbili. ISO 100, f/8, sekunde 2 hadi 8 kwenye tripodi. Usiisimamishe tripodi juu ya theluji laini kisha ukaanza kupiga, kwani itaendelea kuzama polepole na picha itatikisika. Ikandamize miguu mpaka ifike kwenye kitu kigumu, subiri kidogo, na tumia kipima muda cha sekunde 2. Kabla ya hayo yote tazama juu: vipande vya barafu vinavyoning'inia kwenye paa havikupi taarifa.

Betri ya lithiamu kwenye baridi huonyesha imekwisha ilhali bado ina chaji. Beba mbili za akiba katika mfuko wa ndani karibu na mwili, uzibadilishe kwa zamu. Iliyozima hurudisha nguvu kiasi ikipata joto. Vaa glavu nyembamba ndani na nene juu. Baridi ya upepo (baridi jinsi ngozi inavyoihisi upepo ukivuma) ikifika –28°C, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Chembe zikitua kwenye lenzi zipulize kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo, kwani pumzi inageuka barafu hapo hapo. Kikingio cha mbele ya lenzi (lens hood) huzuia nyingi.

Kinachoua kamera zaidi ni kurudi nyumbani. Kamera baridi ikiingia chumba chenye joto, umande unafanyika hadi ndani ya lenzi, kama inavyotokea Dar es Salaam ukitoka nayo kwenye chumba cha kiyoyozi. Ukiwa bado nje, toa kadi ya kumbukumbu, tia kamera ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, toa hewa, funga, ndipo uingie. Umande utashika juu ya mfuko. Usiufungue kwa saa 2, hata mikono ikiwasha. Picha utaziangalia kutoka kwenye kadi. Kamera usiiweke karibu na hita. Miguu ya tripodi isuuze kwa maji safi, kwani chumvi ya barabarani hula viungo vyake, kisha iache wazi mpaka ikauke kabisa.