Mtoto akianza kukataa kula: venye familia inaeza kumshikilia

Hii naandikia wazazi wa Kisumu, Kakamega, Busia, Nakuru na huko kote, wenye mtoto wao amefunga shule akarudi nyumbani shingo imekonda, na mkikaa mezani anamega ugali vipande vidogo vidogo, anazungusha kwa sahani mpaka wengine wamalize halafu anasema alikula kwa rafiki. Ama yule mwenye anakula vizuri tu na nyinyi lakini dakika mbili baadaye yuko chooni amefungulia maji ndio asisikike. Hizo si nyodo, si mapenzi, na si mambo ya wazungu ati huku kwetu hayafiki. Ni ugonjwa. Anoreksia ni ya yule anajinyima, bulimia ni ya yule anakula mingi kwa mara moja halafu anatapika ama anameza dawa ya kuharisha, na mtoto si lazima akuwe mwembamba ndio awe mgonjwa. Wavulana pia wanapata, sana sana wale wa jimu, tu hatuwaangalii kwa jicho hilo.

Kitu naomba ushike ni hiki: usingoje mtoto aseme yuko tayari kula. Wazazi wengi wanangoja kaunsela aongee naye kwanza, akili ifunguke, ndio ale, na miezi inapita mtoto akiisha. Njaa yenyewe inaharibu akili. Mwaka wa 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya yao walipunguziwa chakula karibu miezi sita kwa utafiti, na wakaanza kukasirika ovyo, kujitenga, kuota chakula, kukatakata chakula na kukichezea, mambo yale yale unaona kwa mtoto wako. Kwa hivyo chakula ndio dawa ya kwanza, na mwenye kuitoa ni nyinyi wa nyumbani.

Lakini kabla ya sahani, hospitali. Mwambie daktari wazi wazi, mtoto wangu ameacha kula ama anatapika makusudi, ju ukisema tu amekonda mtapimwa malaria na minyoo mrudishwe nyumbani. Omba apimwe uzito na urefu, presha akiwa amelala na akisimama, mapigo ya moyo, na damu iangaliwe chumvi zake, yaani potasiamu, fosfeti na magnesiamu. Kutapika kunamaliza potasiamu na hiyo inaeza simamisha moyo wa mtoto mwenye anaonekana sawa kabisa. Na kama amekaa siku tano ama zaidi bila kula kitu cha maana, tafadhali usimrundikie chakula ghafla ati umemwokoa, mwili uliozoea njaa ukipewa mingi kwa mara moja hizo chumvi za damu zinashuka na anaeza kufa, hapo anaanzishiwa pole pole daktari akiangalia.

Nyumbani jifunze kuhesabu mapigo kwa mkono wake, dakika nzima, akiwa ametulia. Yakiwa chini ya 50 mchana, ama amezimia, anatapika damu, kifua kinauma, hata maji hataki, ama ameanza kuongea mambo ya kujiua, hiyo si ya kungoja Jumatatu, peleka saa hiyo hiyo. Kisumu kuna Jaramogi, ile watu bado wanaita Russia, Nakuru kuna ile ya rufaa tulizoea kuita PGH, na Eldoret kuna Moi. Hakikisha SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, iko sawa mapema, ju NHIF ya zamani iliisha 2024 na kuna watu bado wanabeba ile kadi.

Haya, sasa meza. Njia yenye inasaidia sana vijana ilianzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 80, na roho yake ni kwamba wazazi wanachukua usukani wa chakula kwa muda. Kwanza watu wazima mkubaliane pembeni. Baba, mama, na dani (nyanya yake) kama mnaishi naye, neno moja. Baba akisema mwache atakula akiwa na njaa na mama anabembeleza, ugonjwa unapita katikati yenu. Mzazi ndiye anapika na ndiye anapakua, mtoto hakai jikoni kuhesabu mafuta. Milo mitatu na vitu vidogo mara mbili ama tatu katikati, kama kila masaa matatu, na hakuna haja ya chakula cha gharama: uji wa wimbi umewekwa maziwa na njugu, chapati, ugali na samaki wa mchuzi, omena, ndengu, parachichi, mala. Usimwache na sukuma na maji ya ndimu ati angalau amekula kitu.

Kaa naye, na wewe ule. Akikataa, usipige kelele na usimpige. Sema kwa sauti ya chini, "Najua unaogopa, mwanangu, chukua kijiko kingine, siendi mahali." Rudia hivyo hivyo hata kama ni mara ishirini, usiingie mjadala wa kalori, ju huo mjadala ugonjwa umeusoma kukushinda. Atalia, atakutukana, kuna siku sahani itaenda chini. Pakua ingine. Hapo ndio mzazi anachoka na mimi nawaelewa sana, kwa hivyo pokezaneni, auntie akuje jioni, baba akae naye asubuhi kabla ya kazi. Akimaliza msimwache aende choo mara moja, kaeni naye kama saa moja hivi, sinema, kusuka, karata, chochote. Kama ametapika, asugue meno baadaye, saa hiyo asukutue maji tu, ile asidi inakula meno.

Maneno ya kuacha kabisa: "kuna watoto wanalala njaa na wewe unachezea chakula", "umekonda kama mgonjwa", na hata ile ya kumsifu, "sasa umenona vizuri", hiyo anasikia umekuwa mnono na kesho hakuli. Wageni nao ndio shida, sana sana kwa matanga, mtu hajakuona mwaka mzima anaanza na mwili. Waambie mapema, mwili wa huyu mtoto hatuuongelei. Ondoa mizani kwa nyumba, na zile chai za kukonda za mitandaoni zitupwe. Kama kanisani kuna mfungo, ongea na pasta faraghani, mtoto asifunge, na kwa Waislamu mgonjwa ameruhusiwa kutofunga. Ndugu zake wasifanywe polisi, wao wacheze naye tu.

Kaunsela ni muhimu sana, tena familia yote iende, si mtoto peke yake ametupwa kwa kiti. Muulize kama amesajiliwa, iko sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, na muulize kama amewahi shika kesi za shida ya kula na kama atafanya kazi pamoja na daktari. Mwenye anakwambia mzazi ndiye alisababisha, tafuta mwingine, ju kujilaumu kunakutoa nguvu zenye unahitaji mezani. Kama kwa sasa hamna pesa, 116 ni bure kwa mambo ya watoto na 1199 ya Red Cross pia ni bure, unaongea na mtu.

Usukani mnarudisha pole pole, uzito ukishapanda na vita vikapungua: wiki hii ajipakulie chai ya saa nne, baadaye achague chakula cha jioni, baadaye ale na marafiki. Yote inaeza chukua miezi sita mpaka mwaka. Bodingi usikimbilie, kama ni lazima basi arudi baada ya kula mwenyewe nyumbani wiki kadhaa bila kusukumwa, na uongee na matroni, nesi na mwalimu wa ushauri ana kwa ana, mkubaliane nani anakaa naye dining na uzito unaangaliwa siku gani na yeye asiambiwe namba. Wiki ya kwanza piga simu kila jioni. Akipunguza uzito, mwendee, usingoje hafutemu.