Ukihamia Kigoma na familia, mtaa uchague hivi

Ndugu yangu unayehamishiwa kikazi huku mwisho wa reli, kabla hujaanza kuulizia nyumba nzuri iko wapi niambie kwanza una watoto wangapi na watasoma wapi, maana Kigoma nyumba unaitafuta kuanzia kwenye geti la shule kurudi nyuma. Mimi nilifanya kinyume, nikaja mwezi wa saba kila kitu kikavu, dalali akanionesha nyumba ina uzio na choo ndani, kodi nafuu, nikalipa miezi sita siku hiyohiyo. Mwezi wa kumi na moja mvua zikaanza, ile njia ya mkato ya kwenda shule ikawa mfereji, mwanangu wa darasa la pili kila asubuhi anavua viatu anavishika mkononi, afu bado ni giza. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Hilo la giza wageni hawalijui kabisa. Saa tunayotumia ni moja na ya Dar lakini sisi tuko magharibi mbali, kwa hiyo jua linachelewa kama dakika 40 hivi, saa 12 na nusu asubuhi wakati Dar kumeshapambazuka huku mtoto bado anapapasa njia. Kwa hiyo ukishapata nyumba unayoipenda, usilipe kwanza, amka siku moja ya shule saa 12 na robo, tembea mwenyewe kutoka mlangoni mpaka shuleni. Utaona kama kuna taa, kuna mbwa, kuna korongo, na kama kuna watoto wengine wanaopita hapo, mana mtoto akiwa na wenzake wanne watano kwa kweli roho inatulia.

Sa tuje kwenye mitaa. Mjini kwenye stesheni na bandari ni chini ziwani, ukipanda unafika Mwanga, ukiendelea unaenda Ujiji, na ile barabara ya Kasulu inakupeleka Mwandiga. Haisi (daladala) na bajaji zinafuata hizo barabara kubwa, kwa hiyo usiulize ni kilomita ngapi mpaka mjini, uliza ni dakika ngapi kwa mguu mpaka kwenye lami. Mtu anayekaa Ujiji karibu na lami anawahi kazini kuliko anayekaa karibu na mjini ambaye kila siku anapanda kilima kwenye vumbi au tope, na bodaboda ya kila siku, hasa ukiwapakiza watoto mshikaki, mimi siipendekezi hata kidogo.

Mwanga soko na huduma ziko mlangoni, ila kelele zipo na nyumba zimebanana. Ujiji mimi naipenda kwa malezi, ni mji wa zamani, watu wanajuana, mtoto akipotea njia jirani anamrudisha, na madrasa ziko karibu kwa wanaohitaji. Ila kama unafanya kazi mjini weka hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi. Gungu nako pita uangalie. Mwandiga kumbuka iko halmashauri ya wilaya, sio manispaa, hilo uliweke akilini wakati wa uhamisho wa shule.

Mabondeni na kandokando ya ziwa nenda kwa tahadhari. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo kina kinapanda na hakishuki haraka, ndo maana kuanzia 2020 maji yaliingia mpaka kwenye majengo kule Kibirizi. Bonde la Katubuka nalo maji yakijaa hayana pa kwenda, kuna watu walihama nyumba zao. Sisemi Katubuka yote haifai, sehemu za juu ziko salama, ila angalia ukutani kama kuna alama ya maji, na umuulize mama wa genge la jirani, sio dalali wala mwenye nyumba. Huyo mama ndo atakwambia pia maji ya bomba yanatoka siku gani, mana nyumba za juu kilimani wakati mwingine presha haifiki na utahitaji simtanki.

Kuhusu shule, matokeo ya darasa la nne na la saba NECTA (baraza la mitihani) wanayaweka kwa kila shule, yasome ya miaka mitatu na uangalie na idadi ya watahiniwa, inakupa picha ya msongamano. Afu nenda muda wa mapumziko, angalia vyoo, angalia madawati, ongea na mwalimu mkuu. Mtoto anayehama lazima ahamishwe kwenye PREM, ule mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa hiyo usiondoke ulikotoka bila kuanzisha hilo na bila namba yake, na cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi. Ukichagua ingilishi midiamu yenye basi, uliza basi linaanzia wapi kuchukua watoto, mana anayechukuliwa wa kwanza anaamka saa 10 alfajiri hata kama anakaa jirani na shule, analala njiani, anafika kachoka.

Ukishaamua, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, na kodi omba kulipa miezi mitatu kwanza. Kama umekuja kiangazi, muda wa kodi upangwe uishie baada ya mvua kuanza, ukiona maji unahama bila kupoteza hela.