Kuunganisha SAP na seva ya kati: 03 si risiti

Ukiona IDoc (hati ambayo SAP, mfumo wa biashara wa kampuni, hutumia kubadilishana data) imeandikwa hali 03 kwenye WE02, skrini ya kuangalia IDoc, usimpigie mtu wa ghala kumwambia oda yake imefika. 03 maana yake SAP imeukabidhi ujumbe kwa poti, yaani mlango wake wa kutolea ujumbe, basi. Kama umepokelewa upande wa pili au la, hilo linaangaliwa kwingine, na nitalifikia.

Nafanya kazi hii Kisumu, kwa msambazaji mwenye ghala Obote Road na madereva wanaotoka alfajiri kwenda Busia, Siaya na Ahero. Oda zilizothibitishwa hutoka SAP, hupitia seva ya kati, huingia mfumo wa ghala. Oda mpya za mawakala nazo huja kwa seva hiyo hiyo kuelekea SAP. Kwa hiyo kuna njia mbili, na kila moja ina mipangilio yake.

Shughulikia mtandao kabla ya kitu kingine. Seva ya kati huongea na getwei ya SAP (lango la mawasiliano yake na programu za nje), na poti yake ya mtandao hutokana na namba ya mfumo: mfumo 00 ni 3300, mfumo 01 ni 3301. Ifunguliwe kutoka seva ya kati peke yake, si kutoka ofisi nzima. Jaribu pia jina la kompyuta ya SAP. Anwani ya IP ikikubali na jina likikataa, shida ni DNS (inayogeuza majina kuwa anwani), usimalize asubuhi yako ndani ya SM59, skrini ya miunganisho ya SAP.

Mtumiaji wa kuingilia SAP awe aina B, yaani wa mfumo, asiyeweza kufungua skrini kama mtu. Mpe ruhusa ya S_RFC (kuita kazi za SAP kutoka nje) kwa vikundi vya kazi anavyohitaji na B_ALE_RECV (kuleta IDoc) kwa aina za ujumbe atakazoleta. Kuna wanaompa SAP_ALL, yaani ruhusa zote, "tujaribu kwanza, tutapunguza baadaye". Baadaye hiyo sijawahi kuiona ikifika.

Sasa njia ya kutoka SAP. Kwenye SM59 tengeneza muunganisho wa aina T, uchague programu iliyojisajili, kisha uipe kitambulisho, tuseme KSMINT_PRD. Kitambulisho hicho hicho kiingie kwenye jco.server.progid ya seva ya kati (mipangilio ya JCo, maktaba ya Java ya kuongea na SAP), herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, pamoja na gwhost (kompyuta ya getwei) na gwserv (huduma yake, sapgw00 kwa mfumo 00). Faili la reginfo, orodha ya getwei ya wanaoruhusiwa kujisajili, lazima liiruhusu seva hiyo; ukilibadilisha, lisomeshe upya kupitia SMGW, skrini ya getwei, huna haja ya kuzima SAP. Na tafadhali, seva ya majaribio isitumie kitambulisho cha seva halisi. Zikijisajili zote mbili kwenye getwei moja kwa jina moja, SAP itazigawia ujumbe zote mbili bila kulalamika, na utashangaa nusu ya oda zimekwenda wapi.

Kinachofuata ni cha haraka: BD54 kutaja mfumo wa kimantiki wa seva ya kati, WE21 kutengeneza poti ya tRFC (wito wa mbali unaohakikisha ujumbe unachakatwa mara moja tu) inayoelekeza kwenye ule muunganisho wa SM59, WE20 kuweka mwenzi wa aina LS (mfumo wa kimantiki) na ujumbe atakaopelekewa. Oda zitumwe papo hapo. Orodha za bidhaa zikusanye, uzitume kwa programu ya RSEOUT00 usiku, hakuna anayezisubiri.

Hapa ndipo penye kazi. Kila kifurushi cha tRFC hubeba TID, kitambulisho cha herufi 24. Seva ya kati inapaswa kuuliza: nimewahi kuiona hii? Ikiwa ndiyo, inajibu SAP kwamba imemaliza, bila kuandika kitu. Mvua ikinyesha jioni na stima ikapotea, seva inaweza kuanguka ikiwa imeshaandika oda lakini haijajibu. Ikiamka, SAP inaleta TID ile ile. Kama TID zilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda, zimefutika, oda inaandikwa mara ya pili, na lori la Siaya linapakiwa katoni maradufu. Kwa hiyo TID zikae kwenye hifadhidata, na TID iandikwe katika muamala mmoja na oda yenyewe: ziingie zote au zisiingie kabisa. SAP ikithibitisha, ndipo ufute. Juu ya hapo mimi huuwekea mfumo wa ghala sharti kwamba DOCNUM, yaani namba ya IDoc, isijirudie. Wengine wataona ni kuzidisha, lakini ni safu moja tu kwenye jedwali.

Kule kwingine nilikotaja ni SM58, orodha ya tRFC: yaliyokwama utayaona humo; yaliyofaulu huondoka humo yenyewe. Angalia pia mipangilio ya tRFC ndani ya SM59. Kwa kawaida SAP hujaribu tena mara 30, kila baada ya dakika 15, yaani masaa saba na nusu. Seva ikizimika saa tatu usiku, kufikia saa kumi na nusu alfajiri SAP imeacha kujaribu, na madereva ndio wanaingia. Panga programu ya RSARFCEX iendeshwe mara kwa mara ili isukume yaliyobaki. Kupima, tuma IDoc kwa WE19 (skrini ya majaribio), kisha izime seva ya kati makusudi katikati ya kazi, uiwashe, uhesabu oda upande wa ghala.

Njia ya kuingia SAP hutumia jco.client: ashost (kompyuta ya SAP), sysnr (namba ya mfumo), client (klienti), user (mtumiaji), passwd (nenosiri). Kwenye WE20 weka ujumbe wa ORDERS (oda) upande wa kuingia na msimbo wa uchakataji ORDE. SNDPRN (jina la mtumaji) kwenye EDI_DC40, kichwa cha IDoc, ilingane na jina la mwenzi barabara, la sivyo utapata hali 56, yaani IDoc yenye makosa. 64 inasubiri programu ya RBDAPP01 iichakate. 53 ni oda iliyoingia. 51 imekataliwa na programu ya oda yenyewe, mara nyingi bidhaa isiyojulikana au mteja aliyefungiwa: rekebisha data hiyo, kisha uichakate tena kwa BD87, skrini ya kuchakata IDoc upya. Usimwambie wakala atume upya, kwa sababu ile ya kwanza bado iko ndani inasubiri, na siku mtu akiichakata utakuwa na oda mbili.