Gitaa la bei kubwa: uliuze wapi na uliuzeje

Kabla hujapiga hata picha moja jibu kwanza hili swali, gitaa lako ni la mpigaji au la mkusanyaji? Kila kitu kinaanzia hapo, utauza wapi, kwa bei gani, utasubiri muda gani, na watu wengi naona wanairuka hiyo hatua wanakimbilia kuweka status WhatsApp "gitaa linauzwa, bei maelewano" halafu anatokea mtu anataka kutoa laki tano kwa kitu cha milioni tisa, na mwenye gitaa kwa sababu ana shida ya hela anaachia. Inauma sana kuona.

Gitaa la mpigaji ni lile ambalo thamani yake ni kazi linayofanya. Strat (Stratocaster ya Fender) ya Marekani ya miaka ya karibuni, Les Paul Standard ya Gibson ya 2012, Taylor ya akustika yenye pikapu (kile kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi) yake ndani. La mkusanyaji ni lile linalolipiwa kwa umri, uchache na uhalisi wake: Fender za kabla kampuni ya CBS haijainunua Fender Januari 1965, Gibson za miaka ya 50 na 60, Martin za zamani za rozwudi ya Brazil (Martin wenyewe waliiacha mbao hiyo wakahamia ya India mwaka 1969). Hilo la kwanza unaweza kuliuza Dar, Nairobi au Kampala ukapata hela nzuri tu. Hilo la pili ukiliuza hapa mtaani umeligawa, maana mnunuzi wa hapa atalipia sauti na jina, hatalipia mwaka.

Sasa utajuaje ni lipi? Anza na serial namba lakini usiishie hapo. Gibson nyingi kuanzia 1977 zina tarakimu nane nyuma ya kichwa, ya kwanza na ya tano ndiyo mwaka, ya pili mpaka ya nne ni siku ya mwaka. Chukua mfano 91237567: 9 na 7 ni 1997, 123 ni siku ya 123, yaani tarehe 3 Mei. Shida ni kwamba watengeneza feki wanachonga namba za kweli, kwa hiyo namba ikikubali bado hujathibitisha kitu. Angalia kile kiplastiki kidogo kinachofunika nati ya shingo pale kichwani, Gibson orijino kimefungwa kwa skrubu mbili, feki nyingi zina tatu. Kwenye Fender za zamani ni bora zaidi kufungua, toa ile plastiki ya mbele taratibu usome namba zilizopigwa mgongoni mwa poti, vile vifaa vya kuzungushia volyumu na toni. Ukikuta 1376432, 137 ni kiwanda cha CTS, 64 ni mwaka 1964, 32 ni wiki ya 32. Ukikuta inaanza na 304 hicho ni kiwanda cha Stackpole. Hiyo inakwambia poti ilitengenezwa lini, gitaa lenyewe haliwezi kuwa limetoka kiwandani kabla ya hapo kama poti ni zake, na hapo hapo tazama lehemu, kama ni ya zamani imefifia na haijaguswa piga picha hiyo sehemu kwa karibu kabisa, hiyo picha moja itakuletea hela kuliko maneno yote utakayoandika.

Na tafadhali sana, kama ni gitaa la zamani usilirembeshe. Usipake rangi upya, usibadilishe vifunguo vya nyuzi kwa sababu vimepata kutu, usitoe pikapu za zamani ukaweka mpya "ili lipige vizuri". Kanuni wanayotembea nayo wauzaji wa vinteji, yaani magitaa ya zamani ya thamani, ni kwamba gitaa lililopakwa rangi upya linapoteza kama nusu ya bei yake, na lililowahi kukatika kichwa linaanguka karibu hivyo hivyo hata kama fundi aliliunga mpaka halionekani. Futa vumbi kwa kitambaa laini, weka nyuzi mpya, basi. Kama fundi aliwahi kutoa kitu na wewe bado unacho kwenye kopo nyumbani, skrubu, vifunguo, pikapu, chochote, kitafute maana kinauzwa pamoja. Kesi yake ya zamani, lile sanduku la kubebea, pia usiitupe, hata ikiwa imechakaa namna gani.

Tukija kwenye wapi. Kwa gitaa la mpigaji hapa kwetu soko halisi ni makanisa na studio, wafuate huko, halafu bendi za dansi na za mahoteli. Wapigaji wa kanisani ndio wanaonunua vifaa vizuri kwa uhakika kwa sababu mara nyingi hela ni ya kwaya au ya kamati, ni taratibu kutoka lakini inatoka. Ongea na mtu wa sauti wa kanisa kubwa au fundi wa magitaa anayeaminika, mwambie ukweli kuhusu hali ya gitaa, yeye ana namba za watu. Jiji, ile tovuti ya matangazo, na makundi ya Facebook yanasaidia kukupa watu wengi ila asilimia kubwa watakuuliza "bei ya mwisho shingapi" kabla hata hawajaliona. Usijibu na namba. Jibu "karibu kaka, njoo ulipige kwanza, tutaongea ukiwa umelishika", anayehitaji kweli atakuja. Ukimtumia dalali mkubaliane kamisheni mapema na muiandike, na mwambie bei ambayo wewe unataka mkononi, asije akauza ya kwake juu ukabaki unasikia kwa watu.

Duka likinunua kwako taslimu tegemea kama nusu, labda asilimia 60, ya bei watakayobandika wao. Hawakuibii, wana kodi, wana fundi wa kulipa, gitaa linaweza kukaa ukutani mwaka mzima. Kama unahitaji hela wiki hii hiyo ni njia halali kabisa. Kama unaweza kusubiri omba waliuze kwa niaba yako wachukue asilimia, na kwa walioko Marekani hii ndiyo njia ninayoipenda zaidi kwa gitaa la mkusanyaji, maduka kama Gruhn Guitars pale Nashville, lipo tangu 1970, yanapokea magitaa hivyo. Kamisheni mara nyingi ni kama asilimia 20, wengine chini wengine juu, lakini unachonunua hapo ni jina. Gitaa likipita mikononi mwa mtu ambaye soko linamwamini, akaandika kwamba hii ni ya 1962 na kila kitu ni chake, mnunuzi anaacha kubishana. Wewe ambaye hakuna anayekujua ungeandika maneno hayo hayo ungeambiwa punguza.

Reverb, tovuti ya kuuzia ala za muziki iliyoanzia Chicago 2013, ndiyo sehemu ambayo wanunuzi wa magitaa wa dunia nzima wanashinda. Ada ya kuuza ni asilimia 5, na ya kuchakata malipo ni zaidi kidogo ya asilimia 3. Yaani ukiuza kwa dola 3,000 zinaondoka 150 upande mmoja, na tisini na kitu upande wa pili, unabaki na kama 2,750 kabla hujalipa boksi wala usafiri. Kabla hujafungua akaunti hakikisha nchi uliyopo inaweza kupokea malipo yao na akaunti ya benki inasoma jina lako vile vile kama kwenye kitambulisho. Kama uko Arusha na una ndugu Minnesota au Birmingham unayemwamini, kumpa yeye alipeleke na kuliuza kule mara nyingi ni rahisi kuliko kupambana na mnunuzi wa mbali kutoka hapa, ila muandikishane hata kama ni mtoto wa mama mdogo.

Mnada ni kwa gitaa lenye historia ya mtu. Black Strat ya David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, iliuzwa kwenye mnada wa Christie's New York Juni 2019 kwa dola 3,975,000, na ni Strat ya 1969, zipo nyingine nyingi za mwaka huo ambazo haziwezi kusogelea hata robo ya hiyo bei. Kwa hiyo kama la kwako lilikuwa la mpigaji maarufu kweli, ushahidi ndio mali: picha yake akiwa nalo ambapo mistari ya mbao au mikwaruzo inaonekana na inalingana, risiti, barua. Simulizi za "alimpa mjomba" peke yake hazina bei.

Bei sasa. Usiangalie watu wanaomba ngapi, angalia zilizouzwa. eBay wana kichujio cha bidhaa zilizokwisha kuuzwa, Reverb nao wana mwongozo wa bei unaotokana na mauzo halisi. Tafuta modeli hiyo hiyo, mwaka huo huo, hali hiyo hiyo, chukua mauzo kadhaa ya miezi ya karibuni, toa lile la juu kabisa na la chini kabisa, hapo katikati ndipo ulipo. Kwa soko la hapa ongeza kidogo kwa sababu mnunuzi anakwepa usafiri na ushuru, lakini usivuke bei ambayo angelipata jipya dukani.

Picha zipigwe mchana, nje kivulini, ukuta mtupu nyuma. Mbele nzima, nyuma nzima, kichwa pande zote mbili, serial namba, freti (vile vyuma vyembamba vya shingoni) kwa karibu uone zimelika kiasi gani, pale kichwa kinapoungana na shingo, na kila mkwaruzo. Kila mkwaruzo kweli, maana ukificha mmoja mnunuzi akaukuta anaanza kuwaza na mengine. Kama gitaa la akustika limeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar chungulia ndani kwa tochi kama viunzi vimeanza kuachia gundi au uso umevimba nyuma ya daraja, unyevu wa pwani unafanya hivyo, akustika zinapenda unyevu wa asilimia 45 mpaka 55 na kwetu huwa tunazidi hapo. Ukikuta tatizo andika.

Malipo ya ana kwa ana yafanyikie ndani ya benki. Sms ya muamala kwenye simu ya mnunuzi haina maana, ya kwenye simu yako nayo hakiki salio mwenyewe kwenye menyu kwa sababu meseji za kutengeneza zinatumwa kila siku. Kwa Kenya kumbuka M-Pesa muamala mmoja mwisho 250,000 na kwa siku 500,000, kwa hiyo gitaa la laki nne halipiti kwa mkupuo mmoja, usikubali "nakutumia nusu leo nusu kesho" wakati gitaa analo yeye. Muandikiane karatasi ya mauziano yenye serial namba na sahihi zote mbili, inamlinda naye pia siku akisimamishwa akaulizwa kalitoa wapi. Mtandaoni mtu akikwambia mtoke kwenye jukwaa mmalizane pembeni ili muokoe ada, achana naye.

Kama linavuka mpaka, mbao inabidi uijue. Rozwudi ya Brazil ipo Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, bila vibali gitaa linaweza kukamatwa, ni hivyo hata likiwa la babu yako, na pembe ya ndovu kwenye kile kidaraja cha juu cha nyuzi ni kesi nyingine kubwa zaidi. Rozwudi nyingine pamoja na mpingo wetu zilibanwa zote kuanzia Januari 2017, lakini tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika za mbao hizo ziliachiwa, kwa hiyo gitaa lenye ubao wa freti wa rozwudi ya India halina shida hiyo.

Kulifunga: legeza nyuzi kidogo, usizitoe kabisa, weka karatasi au kitambaa kati ya nyuzi na freti, jaza karatasi chini ya kichwa na pembeni mpaka gitaa lisitikisike ndani ya kesi ngumu, halafu kesi nzima iingie kwenye boksi lenye nafasi ya kujaza pande zote. Tikisa. Ukisikia kitu kinagonga fungua uanze tena. Na soma masharti ya msafirishaji kuhusu thamani, FedEx kwa mfano ala iliyozidi miaka 20 wanaiwekea ukomo wa thamani inayotangazwa wa dola 1,000, kwa hiyo kwa gitaa la 1965 la dola elfu kumi na kitu inabidi ukate bima ya pembeni kabla boksi halijatoka nyumbani, jina kwenye bima liwe la mwenye mali na zile picha za mikwaruzo uwe umewatumia tayari.