Ukuta wa Besimenti Umelowa? Weka Kopo la Rangi Chini Kwanza

Mara ya kwanza kuitwa kwenye besimenti (chumba cha chini ya ardhi) yenye unyevu nilifanya kama mwenye nyumba alivyotaka. Nilikwangua ukuta, nikapaka rangi ya kuzuia maji mikono miwili, nikalipwa, nikaenda zangu. Mvua zilipoanza nikaitwa tena. Rangi ilikuwa imetoa malengelenge, mengine ukubwa wa kiganja. Nikatoboa moja kwa ncha ya msumari, maji yakanirukia usoni.

Tangu siku ile siulizi ukuta upakwe nini. Nauliza maji yanatoka wapi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini ukiziba bila kujua maji yanaanzia wapi, yatatafuta ufa mwingine.

Kuna maji yanayopenya kutoka kwenye udongo, na kuna mvuke wa humo humo ndani unaogusa ukuta wa baridi ukageuka matone, kama chupa inavyotoka jasho ukiitoa kwenye friji. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, kwa hiyo pima. Kata nailoni ngumu inayoonyesha, kama sentimita 45 kila upande. Futa sehemu ya ukuta, ipulizie feni mpaka ikauke, kisha bandika nailoni kwa tepu pande zote nne bila kuacha hata upenyo. Mimi huweka vipande viwili, kimoja karibu na sakafu na kingine usawa wa kifua. Viache siku mbili. Matone yakikaa upande wa chumbani, hilo ni jasho la hewa. Yakijikusanya nyuma, kati ya nailoni na ukuta, maji yanapita ukutani. Ukiyakuta pande zote mbili usishangae, nyumba nyingine zina yote mawili.

Ukuta wenyewe nao unasema. Ule unga mweupe ambao watu wengi hudhani ni kuvu mara nyingi ni chumvi ambayo maji yameivuta kutoka kwenye saruji na tofali. Udondoshee maji: chumvi huyeyuka, kuvu haiyeyuki, tena kuvu ina harufu yake ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Doa linaloshuka kutoka juu, hasa kwenye kona, linakutuma ukaangalie gata. Maji yakitokea pale sakafu inapokutana na ukuta, ujue yaliyo ardhini yamepanda na yanasukuma. Na doa moja lisilokauka hata kiangazi? Funga mabomba yote uangalie mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja.

Sasa toka nje, na utoke wakati mvua inanyesha, mwavuli mkononi. Kazi nyingi nilizoitiwa ziliishia hapa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 2,000, yaani mapipa 10 ya lita 200. Bomba la gata likiyamwaga yote hayo kwenye kitako cha ukuta, unategemea yaende wapi? Zibua gata, kisha ongeza bomba likamwage mita mbili au zaidi kutoka kwenye nyumba. Halafu angalia mteremko. Chomeka kigingi ardhini kando ya ukuta na kingine mita 3 mbele, funga kamba, inyooshe kwa pima maji, kile kipimo cha fundi chenye kipovu. Ardhi kwenye kigingi cha mbali iwe chini kwa sentimita 15 hivi kuliko ilivyo ukutani. Ikiwa imelala kuelekea nyumbani, jaza udongo wa mfinyanzi na ushindilie. Mchanga usijaribu, maji yanaupita kama chujio.

Nyufa zinafuata baada ya hapo. Ufa mdogo wa wima unauchimba kwa tindo uwe mpana kwa ndani kuliko mdomoni, ili kiraka kisichomoke. Vaa glavu, changanya saruji ya kuzibia maji kiasi cha ngumi moja tu kwa sababu inashika ndani ya dakika 3 hadi 5, sukumia ndani na ushikilie mpaka igande. Ufa wa mlalo, au ukuta uliotuna kuja ndani, usiuguse. Huo unasukumwa na udongo, na wa kuitwa ni mhandisi. Vivyo hivyo kuchimba nje mpaka kwenye msingi ili kulaza bomba la matundu na kokoto ni kazi ya wenye vifaa. Shimo refu likibomoka halikupi nafasi ya kupiga kelele.

Kama nailoni ilisema jasho, sogeza makabati mbali na ukuta, usianike nguo mle, na unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 60. Siku za joto la mvuke usifungue madirisha, unaingiza maji. Kuvu kidogo isugue kwa maji na sabuni ukiwa na barakoa. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kabisa na amonia, mvuke wake ni sumu.

Ile nyumba ya malengelenge, bomba la gata lilikuwa linamwaga nyuma ya kichaka cha maua, halionekani mpaka uinamishe matawi. Tuliliongeza, nikabandua rangi yangu yote, nikamwomba mwenye nyumba auache ukuta mtupu msimu mzima wa mvua. Alinung'unika. Uliobaki ni mstari mwembamba wa chumvi, nikauondoa kwa brashi kavu. Tulipopaka, tulipaka chokaa, ukuta upate kupumua.