Mambo ya kuangalia kabla mvua ya jangwani haijakukuta

Wadogo zangu wa Tanga mnaosubiri viza za Oman na Dubai, kila anayenikuta hapa Ngamiani swali lake jua la kule likoje. Jua utalizoea. Niulizeni mvua.

Utabiri angalia kila asubuhi. Simu iwe na chaji, maji ya kunywa yawepo ndani. Ikianza mvua ya mawe kaa mbali na vioo. Februari 2024 Al Ain, mji wa huko Emirati, yalidondoka mabonge ya barafu yakapasua vioo vya magari na kubonyeza mabodi kama mtu kapita na nyundo, sasa usitoke mbio na blanketi kwenda kufunika gari, gari la bosi, kichwa chako.

Sasa wadi, hapa nisikilizeni. Wadi ni mto mkavu, mchanga na kokoto, na barabara kibao zinakatiza humohumo bila daraja. Mi nilikuwa dereva wa kusambaza mzigo Oman, siku hiyo saa saba mchana nikaegesha pikapu ndani ya wadi chini ya mti nipate kivuli nile wali wangu. Juu hakuna hata wingu. Kumbe milimani kulishanyesha zamani. Sisi tumezoea mto Zigi, mvua ikipiga milimani Amani msitu na udongo unakunywa kwanza ndo mto unapanda, ila milima ya kule jabali tupu, hainywi kitu, yote yanashuka kwa mpigo. Nikasikia kama lori linamwaga kokoto, nageuka, lori hakuna. Mzee mmoja mchunga mbuzi yuko ukingoni ananipigia kelele, "itla! itla!", Kiarabu changu cha kuokoteza lakini hiyo naijua, panda juu. Nikaacha sahani. Nafika ukingoni, maji rangi ya chai ya maziwa yameshabeba pikapu. Na pasipoti yangu imo kwenye dashibodi. Miezi minne sina karatasi, mshahara unakatwa kulipa gari, na Magharibi ile ile mchanga ukaanza kuonekana tena, yani mto wa kule ndo waja leo waondoka leo wenyewe.

Kwa hiyo usiegeshe, usilale, usivuke. Maji ya kasi sentimita 30 tu yanasogeza gari dogo, 60 yanabeba hata hizo ndinga kubwa mnazoringia. Aprili 2024 huko Oman gari lenye wanafunzi lilisombwa wadini, watoto wakafa. Bosi akisema pita, mwambie unasubiri, kule kuingiza gari wadini makusudi ni kosa na anayekamatwa ni dereva.

Pasipoti tia kwenye nailoni, kaa nayo mwilini, picha yake mtumie mama nyumbani.

Mengine ni yaleyale, usiguse swichi miguu ikiwa majini, usishuke na gari njia za chini ya daraja, ukiona maji ya wadi yamebadilika rangi au vijiti vinapita usisubiri kuambiwa itla, na wale wanaosogea ukingoni kupiga video waache wapige wenyewe, utaiona kwenye simu zao jioni.