Boksi jipya au mtumba wa ofisini? Ninavyopima ugumu wa laptopu na bei yake

Mteja akiingia kwenye fremu yangu hapa Kariakoo, swali huwa lilelile: "Fundi, HP na Dell, ipi ngumu?" Nami humrudishia swali: HP ipi, na Dell ipi? Kampuni hizi zina watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali, na hawafanani kabisa ukiwafungua kwa bisibisi.

Hatua ya 1: Soma jina la pili

Nembo ya kwenye mfuniko ni jina la baba tu. Dell, hadi alipobadilisha majina mwaka 2025, alikuwa na Inspiron za nyumbani na Latitude za maofisini. HP alikuwa na Pavilion, jina aliloanza kuliacha mwaka 2024, ana na zile zinazoitwa tu HP 14 au HP 15, halafu ana EliteBook za maofisini. ProBook imekaa katikati. Lenovo ana IdeaPad za nyumbani na ThinkPad za maofisini. Hiyo ThinkPad ilianza mwaka 1992 ikiwa mali ya IBM, Lenovo akaichukua mwaka 2005 pamoja na biashara yote ya kompyuta binafsi (PC) za IBM. Hata ndani yake kuna ngazi: E ni ya chini, T ndiye punda wa kazi, X1 Carbon ni nyepesi na ghali.

Za ofisi zina ugumu wake kwa sababu ya mnunuzi. Benki inachukua mashine mia tano kwa mpigo, ina mafundi wake, na bawaba zikianza kukatika mwaka wa pili muuzaji hapewi tena zabuni. Mnunuzi wa nyumbani anaangalia stika: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ngapi, diski ngapi. Bawaba haiandikwi kwenye stika, basi hapo ndipo kiwanda kinapobana gharama. Baada ya miaka mitatu au minne, makampuni mengi ya nje hubadilisha mashine zote kwa pamoja, na zile za zamani zinatufikia sisi, nyingine zikipitia Dubai. Ndiyo maana unakutana na kibodi zenye herufi za Kiarabu.

Hatua ya 2: Ipime kwa mikono dukani

Hapa usione haya, hata muuzaji akikunja uso.

Fungua kioo kwa kidole kimoja, ukishika pembeni, siyo katikati. Kama pembe moja inatangulia na nyingine inachelewa, au unasikia mlio wa plastiki, rudisha mezani. Siri ni hii: bawaba yenyewe ni chuma na mara chache huvunjika. Kinachoachia ni nati ndogo za shaba zilizozamishwa kwenye plastiki ya ganda. Bawaba ikikaza, kila ukifungua unazivuta nati, hadi siku plastiki inapasuka na kona ya kioo inabaki wazi kama mdomo wa samaki. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniletea mashine aliyoinunua mpya ndani ya boksi miezi minane tu nyuma, ikiwa hivyo hivyo. Sitaitaja chapa. Gundi niliyomwekea ilishika wiki sita, tukaishia kubadilisha ganda lote la juu.

Kisha bonyeza katikati ya kibodi. Ikibonyea kama godoro, jua chini hakuna fremu ya chuma. Shika kona ya mbele kwa mkono mmoja uinyanyue ikiwa inawaka: isipinde, kioo kisicheze. Chomeka chaja na uitikise kidogo, taa ya chaji isizimezime.

Muuzaji atakutajia kipimo cha kijeshi, MIL-STD-810. Kipimo kipo na ni cha Marekani, lakini kiwanda chenyewe ndicho huchagua majaribio ya kufanya. Jeshi halitoi cheti. Mimi huamini kidole changu kwanza.

Hatua ya 3: Uliza itafunguliwaje ikiharibika

Hapa ndipo bei ya kweli ilipojificha. Kwenye ThinkPad T480, kibodi inatoka peke yake kwa kufungua skrubu chache. Kwenye mashine nyingi za bei nafuu, kibodi imeyeyushiwa kwenye ganda kwa vijiti vya plastiki kadhaa. Chai ikimwagika, ama unanunua ganda zima ama fundi anakata vijiti kimoja kimoja na kubandika upya. Chai ni ileile, bili ndiyo inayotofautiana.

Uliza na kuhusu RAM. T480 ina nafasi mbili za kuchomeka, ilhali kwenye X1 Carbon RAM imechomelewa kwenye bodi mama (motherboard), hivyo unayonunua leo ndiyo utakayozeeka nayo. Na ukiona diski imeandikwa eMMC ya GB 64, hiyo nayo huwa imechomelewa, na Windows ikishajisasisha mara mbili tatu hakuna pa kuweka picha za harusi.

Dell, HP na Lenovo wote wanaweka vitabu vya ufundi vya mashine zao bure kwenye tovuti zao. Pakua cha modeli unayoitaka kabla hujatoa pesa, tazama michoro ya kutoa betri na kibodi.

Hatua ya 4: Weka mpaka wa prosesa

Ugumu bila prosesa ya kufaa, yaani ubongo wa mashine, ni jiwe. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha wachache wa kizazi cha 7. Soma namba: i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-7200U ni cha 7. Tofauti siyo ya jina tu, kwani hiyo ya 7 ina kori (vitengo vya kufanyia kazi) mbili na hiyo ya 8 ina nne. Kwa hiyo mimi huanzia kwenye mashine za 2018 hivi: T480, EliteBook 840 G5, Latitude 7490. Bado soma namba ya prosesa yenyewe, usiridhike na jina la modeli.

Hatua ya 5: Kama ni mtumba, kagua mambo mawili

La kwanza, betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotajwa. Linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili 31,000, betri imebaki na asilimia 62. Hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashine.

La pili, kufuli. Washa upya, bonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikiomba nenosiri la BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, achana nayo. Mimi niliwahi kupigwa hapa, na mimi ni fundi! Nilinunua mashine safi, nikaweka Windows upya, nilipounganisha intaneti ukajitokeza ukurasa wa kuingia wa kampuni moja ya ng'ambo iliyokuwa mmiliki. Kwa hiyo siku hizi naifuta na kuiwasha upya kwa intaneti mbele ya muuzaji.

Hatua ya 6: Gawanya kwa miezi

Huu ni mfano wa hesabu, weka bei za siku utakayokwenda sokoni. Boksi jipya la nyumbani shilingi 850,000. Mtumba wa ofisini 650,000, betri 90,000, SSD (diski ya kasi) kubwa zaidi 80,000, jumla 820,000. Ukitarajia la kwanza lidumu miezi 24, unalipa zaidi ya 35,000 kwa mwezi. La pili likienda miezi 48, ni kama 17,000. Bawaba ya boksi ikikatika na ganda likala 150,000, unapanda hadi karibu 41,700.

Hesabu hii inageuka pia. Kama unaishi mbali na fundi na unahitaji warantii ya kweli, au umeme wenu ni wa kuvizia na unataka betri mpya ya mashine isiyokula chaji, boksi lina haki yake. Hapo tafuta ProBook au ThinkPad E mpya, uishi na RAM ndogo kwa muda. RAM utaiongeza kama ina nafasi, bawaba huiongezi.

Mkishaelewana bei, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti namba ya utambulisho ya mashine (serial number), ile iliyo chini ya ganda, na siku za kurudisha. Ilinganishe na namba inayoonekana ndani ya BIOS. Zikitofautiana, bodi mama imebadilishwa, au ganda ni la mashine nyingine, na mazungumzo ya bei yanaanza upya.